Mjadala: Je, wageni wataizuia Ujerumani isizeeke?

Mleta mada:
Wakuu, huu wimbo wa "Ulaya inazeeka, inatuhitaji" tuupigie hesabu. Ujerumani, tangu 1972, kila mwaka wanaokufa wanazidi wanaozaliwa. Mbona basi watu wake leo wamepita milioni 83, wengi kuliko wakati ule? Wageni wamejaza. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu ni uzee. Waturuki walioanza kuchukuliwa kwa mkataba wa 1961 kwenda kufanya kazi viwandani, leo wenyewe ni wastaafu. Mgeni naye huota mvi. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba Korea Kusini, ikitaka uwiano wa watu wa umri wa kazi na wazee usibadilike hadi 2050, ingehitaji wahamiaji zaidi ya bilioni 5. Dunia nzima wakati huo ilikuwa na watu kama bilioni 6! Kwa hiyo wageni wanapunguza kasi tu, basi.

Mchangiaji, Mombasa:
Mkuu, hiyo bilioni 5 inachekesha ila inapotosha. Nani kasema uwiano lazima ubaki vilevile? Wajerumani wenyewe wanapandisha umri wa kustaafu taratibu, ufike 67 mwaka 2031. Pensheni yao haitoki kwenye kibubu. Makato ya anayefanya kazi leo ndiyo yanayomlipa mstaafu wa leo. Kila kijana anayeingia kazini ni nafuu ya mwezi huohuo. Halafu kuna mambo ambayo uwiano hausemi: mzee aliyelala kitandani anataka mtu wa kumgeuza usiku asipate vidonda. Kupunguza kasi ndiyo kazi yenyewe, unataka nini tena?

Mleta mada:
Nataka tusiite dawa kitu cha kutuliza maumivu. Miaka 30 ijayo watahitaji wengine, na wengine tena.

Mchangiaji, Kisumu:
Mimi ni muuguzi, na ndiyo nasoma Kijerumani. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano pale Berlin, Septemba 2024, majirani wananiuliza kuhusu "ajira 250,000". Serikali ya Ujerumani iliikana namba hiyo, lakini nani anasikia? Mlango upo, ila kwa sisi wauguzi, kufanya kazi kama muuguzi kamili kunataka Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani cha kujimudu vizuri kwenye mazungumzo, na cheti kitambuliwe huko.

Mnabishana kuhusu wazee wa huko tu. Wodini kwetu zamu ya usiku tuko wawili. Nikiondoka anabaki mmoja, na aliyelipia masomo yangu ni mama yangu kwa kuuza samaki, si Berlin. Nitaenda, sifichi. Lakini hesabu yenu ina upande mmoja.

Mchangiaji, Mombasa:
Dada, hapo umenishika. Wangelipia angalau mafunzo ya wawili kwa kila mmoja wanayemchukua.

Mleta mada:
Na ukizeekea huko, nani atakugeuza wewe?

Mchangiaji, Kisumu:
Labda Mtanzania. Kwanza niipasi hiyo B2.