Nilipima vinasaba nikiwa mzima, sasa namkwepa dada yangu

Wakuu, naombeni ushauri.

Mwaka jana nilijiunga na mpango wa kupima vinasaba kwa mtu yeyote, hata asiyeumwa. Nikatema mate kwenye kichupa, nikaweka vema pale wanapouliza kama unataka kujulishwa magonjwa ya kurithi. Fomu yenyewe sikuisoma, nakiri. Miezi saba baadaye nikapigiwa simu nikiwa kwenye foleni: nina hitilafu kwenye jeni ya BRCA2, ile inayoongeza hatari ya saratani ya matiti. Nina miaka 43, mwanaume, nilidhani hayo ni ya wanawake. Kumbe tezi dume nayo imo, hata titi la mwanaume.

Wiki ya kwanza sikulala. Sasa nalala, ila kila nikioga najipapasa kifua. Shida ni dada yangu. Alishasema mapema, "Majibu yako usiniletee." Nimwambie?

Mpita Njia: Kasema hataki. Kutojua nako ni haki yake. Nyamaza.

Nesi wa Zamu: Mkuu, majibu yamerudiwa kwa sampuli mpya kwenye maabara ya hospitali? Kama bado, usimwambie mtu. Yakithibitika, dada yako ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuwa nayo, na watoto wako vilevile. Utasoma kwamba kati ya wanawake 10 wenye hitilafu hiyo, karibu 7 hupata saratani ya matiti kufikia miaka 80. Takwimu hizo zimetoka zaidi kwenye familia zenye wagonjwa wengi. Kwa ukoo usio na historia hiyo, hatari huenda ikawa chini, ingawa si ya kupuuza. Na wewe kipimo cha PSA, kile cha damu cha kuchunguza tezi dume, kwa mwenye hitilafu hiyo huanza akiwa na miaka 40, hivyo usiishie kifuani, nenda kapime.

Binti Mkubwa: Mimi niliambiwa nina badiliko ambalo maana yake haijajulikana. Nikagombana na mama kwa ajili yake. Baada ya miaka miwili ikaja barua: halina madhara. Barua ya mama haikuja.

Asiyelala: Mimi nilikuwa huyo dada. Kaka aliniachia bahasha imefungwa, akasema, "Humu mna jambo la afya la ukoo, fungua ukitaka." Ilikaa kwenye droo miezi minne chini ya soksi. Nikaifungua, nikapima, sina.

Mpita Njia: Bahasha ni kumwambia tu kwa mlango wa nyuma. Ungelala vipi na kitu hicho ndani?

Asiyelala: Sikulala. Jina nilipewa bure?

Nesi wa Zamu: Washauri wa vinasaba huandika barua ya kuwapa ndugu. Ila kwanza muulize kama msimamo wake ni uleule. Alisema vile kabla hakujakuwa na jibu lolote.

Mwenye uzi: Sampuli mpya nimetoa leo asubuhi. Dada naye kapiga mchana, anauliza amenikosea nini siku hizi simpigii.