Lile tangazo la sabuni ya deki: yule mwanamume na miguu yake, nimechoka!

Bi Kisauni (mleta uzi)

Wadau, naingia hapa na hasira zangu mbichi kwa sababu ndani ya nyumba hii sina wa kumwambia, kila mtu yuwacheka. Lile tangazo. Mnalijua, msijitie hamlijui. Linapita kabla ya taarifa ya saa moja, linapita katikati ya taarifa, linapita baada ya taarifa, na likikosa nafasi linajipenyeza kwenye hali ya hewa. La sabuni ya kupigia deki. Yule mwanamume kakaa kwenye kochi jeupe yuwatazama mpira, mke aja na ndoo na tambara, na yeye ANANYANYUA MIGUU.

Ananyanyua miguu!

Haondoki pale. Haulizi kitu. Shingo haigeuki. Miguu yapanda juu yenyewe, mke apitisha tambara chini yake, miguu yashuka. Halafu yule mke anatabasamu! Anatabasamu kama aliyeandikiwa kiwanja Nyali. Na hapo ndipo inapokuja ile sauti nene ya kiume kutufahamisha kwamba mama anayeipenda familia yake hutumia sabuni hiyo. Sauti ya kiume, jamani. Apigaye deki ni mwanamke, na wa kumfundisha deki ni mwanamume ambaye hata ndoo hatujamwona nayo.

Sasa kilichoniwasha. Magharibi hii mwanangu wa kiume, mtoto ambaye meno ya utoto hayajamwisha, kamwaga uji sakafuni. Nikachukua tambara nikainama, nafuta, nafuta, nafika alipokaa. Naona vimiguu vyapanda. Vyote viwili! Macho kwenye tivi, kikombe kitupu mkononi, na nyayo zake ziko mbele ya uso wangu, uji umemganda kwenye kisigino. Uji kaumwaga YEYE. Babake alicheka mpaka akapaliwa. Na niseme haki, babake ana makosa yake mengi lakini hilo la miguu hana, hajawahi. Mtoto huyu kafunzwa na tivi. Anaona miguu ile usiku baada ya usiku, kabla hajajua kusoma keshajua kwamba tambara likija, kazi ya mwanamume ni kunyanyua.

Na yule mke mwenyewe! Apiga deki na viatu vya mchuchumio. Nywele zimetengenezwa saluni, kucha nyekundu, hana tone la jasho. Hapa Mombasa mwezi wa pili, ukiinama tu kuokota kijiko leso imelowa mgongoni. Nani apiga deki vile? Na sakafu yenyewe haina hata punje ya mchanga. Kile chumba kilikuwa safi kabla hajaingia, alichokosa humo ni mume wa kuhama kochi.

Mwanitia wazimu mnaposema eti "ndivyo wanaume wa pwani walivyo". Nani katandika vitanda vya watalii kule Bamburi na Diani? Nani apiga deki varanda za zile hoteli alfajiri kabla wageni hawajaamka? Wengi ni wanaume, baba zetu na kaka zetu, na wanakunja shuka kona zikalingana kabisa. Dobi wangu mwanamume, na pasi yake haina mfano. Harusini Mji wa Kale biriani ya masufuria makubwa aipika nani? Mpishi mwanamume, na vijana wake wanamenya vitunguu machozi yakiwatoka. Muuza kahawa na dele lake, mwanamume, na vikombe aviosha mwenyewe. Kwa hiyo mikono ipo na inajua. Ila kazi ikiwa na malipo ni ya mwanamume, ikiwa ya bure ni ya mama, na huyo mama atabasamu.

Yule aliyekaa ofisini akaandika "hapa mume ananyanyua miguu" alilipwa. Wenzake walikaa mezani wakasema sawa. Na kuna mtu alisimama nyuma ya kamera akamwambia yule mwigizaji, nyanyua zaidi bwana, rudia. Walirudia! Miguu ile imefanyiwa mazoezi!

Haya, semeni. Lakini msije na habari za kuzima tivi.

---

Bin Majengo

Zima tivi.

Shangazi wa Tudor

Mwanangu pole. Miye lile tangazo likianza nageuza kiti. Na mie kilichonikera zaidi ni yule mama mkwe anayeingia mwishoni, apitisha kidole juu ya meza, akiangalie, ndipo akubali mkaza mwana. Hata sabuni nayo yapitishwa na mama mkwe? Mbona mwanawe hapitishiwi kidole?

Nahodha Mstaafu

Mleta uzi unakuza mambo. Mwanamume katoka kazini kachoka, ananyanyua miguu apishe deki, huo ni ustaarabu. Ungetaka akanyage maji?

Bi Kisauni (mleta uzi)

Nahodha, ungetaka apige deki! Na nani kakwambia katoka kazini? Kavaa kaptura! Yule mke ndiye aliyevaa nguo za ofisi!

Kaka Dobi

Nimeona nimetajwa. Nashukuru kwa sifa ya pasi. Kazi hii nilirithi kwa marehemu babangu, na mke wangu hajawahi kushika shati langu. Ila madukani nikinunua sabuni kwa wingi, muuzaji aniuliza "mama nyumbani kakutuma?" Kila siku. Nanunua sabuni kuliko mtaa mzima na bado nimetumwa.

Wakili wa Ganjoni

Wadau, hasira za dada zina msingi kuliko mnavyodhani. Uingereza kuna mamlaka ya kusimamia matangazo, na mwezi Juni 2019 kanuni ilianza kutumika inayokataza matangazo yenye dhana za kijinsia zinazoweza kuleta madhara. Mfano mmojawapo waliokuwa wakiutoa wa tangazo lisilofaa ni huu: mwanamume kaweka miguu juu, familia yachafua nyumba, na mwanamke peke yake ndiye wa kusafisha. Miguu juu, neno kwa neno! Agosti mwaka huohuo wakapiga marufuku matangazo mawili ya kwanza. Moja lilikuwa la jibini, akina baba wawili wameduwaa kwa chakula mpaka watoto wao wachanga wakachukuliwa na ule mkanda unaozungusha sahani mkahawani.

Na hapa kwetu, Katiba ya 2010 kifungu cha 45 chasema wanandoa wana haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa, na wakiachana. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 imetaja wazi kwamba kazi za nyumbani na kulea watoto ni mchango katika mali. Kwa hiyo deki ile ni mchango kisheria. Tangazo laionyesha kama mapenzi tu.

Bin Majengo

Wakili, hapa ni Mombasa si London. Wewe mwenyewe nyumbani wapiga deki?

Wakili wa Ganjoni

Napiga. Jumamosi na Jumapili.

Bin Majengo

Picha.

Nahodha Mstaafu

Ndiyo, picha. Tuone ndoo.

Mama Pacha

Mwamwacha mwenye hoja mwamdai picha ya ndoo. Wakenya hawa! Takwimu za serikali zipo, ule utafiti wa matumizi ya muda wa 2021: mwanamke kazi zisizolipwa za nyumbani na malezi zamchukua kama saa nne na nusu kwa siku, mwanamume kama saa moja. Na hiyo saa moja nadhani wamehesabu na kunyanyua miguu.

Bi Kisauni (mleta uzi)

Mama Pacha Mungu akuweke! Hiyo ndiyo ninayosema! Nyayo mbele ya uso wangu, nikiwa nimeinama! Sitoki hapo!

Mpiga Picha Mstaafu

Nimewahi kufanya kazi hizo za matangazo kwa hiyo niseme nijualo. Kwanza, mengi ya haya matangazo hayakupigwa hapa. Yanapigwa nchi nyingine, yanaletwa, yanawekwa sauti ya Kiswahili. Angalieni midomo ya yule mke, haifuatani na maneno. Kile kitasa cha mlango na yale madirisha si ya nyumba za huku. Pili, kampuni za sabuni zimelenga akina mama tangu enzi za redio kule Marekani, miaka ya 1930, walipodhamini ile michezo ya mchana ili mama asikilize akiwa jikoni. Wamezoea. Mteja wao kichwani mwao ni mwanamke mmoja tu na hajabadilika.

Na lile povu mnaloliona, povu halisafishi kitu. Povu ni la macho. Mtazamaji asipoona povu haamini.

Shangazi wa Tudor

Povu! Heri umelitaja. Nyinyi mwaona miguu, miye naona MAJI. Yule mke afungua bomba yatiririka, ndoo inafurika, anamwaga, anafungua tena. Bomba lipi hilo? Mombasa ipi? Miye bomba langu nikilifungua latoa upepo na mlio.

Mtu wa Mtopanga

Shangazi umesema la maana kuliko uzi wote. Mimi nikiona bomba la lile tangazo moyo unaniuma. Huku tunanunua kwa mikokoteni, mtungi baada ya mtungi, na muuzaji akijua umekaukiwa bei yapanda hapohapo mlangoni.

Kaka Dobi

Na ya kisima ndiyo balaa kabisa. Maji ya chumvi, sabuni haitoki povu, waongeza sabuni, haitoki, waongeza tena. Nguo nyeupe zageuka rangi ya chai. Mteja anasema dobi kaiba sabuni. Mwenye tangazo na aje afanyie povu lake kwenye kisima cha Majengo tuone.

Bi Kisauni (mleta uzi)

Ni kweli kuhusu maji, lakini hata hayo maji huyabeba nani? Turudini kwenye mada. Naomba tukubaliane tuandike barua kwa kituo cha tivi, ninaanza mimi, mwenye lugha ya kisheria anisaidie.

Nahodha Mstaafu

Maji ya Mombasa tatizo lake ni la tangu. Kaunti hii haina chanzo chake kikubwa hata kimoja. Mzima iko Taita Taveta, Baricho iko Kilifi, Marere na Tiwi ziko Kwale. Twategemea mabomba ya mbali, na bomba la Mzima ni la tangu miaka ya 1950, likipasuka huko porini mji mzima waosha uso kwa kikombe.

Mama Pacha

Na lile bwawa la Mwache je? Twaambiwa lajengwa, lajengwa, wanangu watazeeka.

Nahodha Mstaafu

Mwache ni Kwale vilevile. Likiisha tutaona. Mimi siamini mpaka nikinge kwa mkono wangu.

Bin Majengo

Nahodha wakinga maji?

Nahodha Mstaafu

Nakinga. Mitungi ni mizito, bibi ana mgongo.

Bi Kisauni (mleta uzi)

Sasa Nahodha, huoni? Wewe wafanya! Kwa nini usionyeshwe WEWE kwenye tivi na mtungi wako, mwanangu akakuona wewe badala ya yule wa kochi? Hilo tu ndilo ninalolitaka! Mtu aliyesimama!

Nahodha Mstaafu

Kwenye tivi sitaki.

Bin Majengo

Mimi tangazo linaloniudhi si hilo. Ni yale ya kamari. Kijana kabofya simu mara moja kapata gari, mamake yuwalia kwa furaha. Mdogo wangu kala ada ya chuo kwa sababu ya matangazo hayo. Deki si kitu. Miguu si kitu. Hayo ndiyo ya kuandikiwa barua.

Mpiga Picha Mstaafu

Bin, pole sana. Hilo fungulia uzi wake, litapata watu.

Wakili wa Ganjoni

Dada Bi Kisauni, barua nitakusaidia. Niandikie faraghani, taja saa linapopita na kituo. Mamlaka ya Mawasiliano pia hupokea malalamiko ya watazamaji, kwa hiyo tupeleke nakala kote kuwili.

Bi Kisauni (mleta uzi)

Nakuandikia sasa hivi. Limepita tena, wadau, wallahi nikiwa naandika hapa. Na kanyanyua!

Mtu wa Mtopanga

Samahani kuingilia, kuna mtu wa Mtopanga mwingine hapa? Nasikia mlio kwenye bomba.

Shangazi wa Tudor

Mlio wa upepo au wa maji?

Mtu wa Mtopanga

Wa maji! Yametoka! Ya kahawia lakini yametoka!

Kaka Dobi

Yaache yakimbie kwanza ndipo ukinge, usitie kwenye nyeupe.

Mama Pacha

Bombolulu je? Kuna wa Bombolulu?

Bin Majengo

Bombolulu bado. Nimetoka kuangalia sasa hivi.