Kidonda cha operesheni ya mama kinatoa usaha, seftriaksoni haifanyi kitu

Binti_Kadutu: Jambo bakubwa, niko Bukavu. Mama alipasuliwa tumbo sababu utumbo ulitoboka, operesheni ikaenda muzuri lakini sasa kidonda kimefunguka kwa nyuzi za chini na kila wakibadilisha pansema (bandeji) inatoka usaha ya njano inanuka, usiku homa inapanda. Walimupiga antibiotiki, seftriaksoni na metronidazoli, wakaongeza jenta (jentamisini), wapi. Leo wameandika meropenemu, chupa tatu kwa siku, ninunue farmasi ya inje, bei imenikata maini. Mugonjwa wa kitanda cha pembeni anasema nichukue tu sipro (siprofloksasini, antibiotiki ingine) dukani. Nifanye nini?

Muuguzi_Ibanda: Pole sana dada. Sipro ya dukani acha kabisa. Uliza kwanza kama usaha ilishafika labo. Wataotesha mududu (bakteria), wanamujaribu na dawa moja moja, majibu siku 2 au 3. Utumbo ukitoboka mara mingi ni bakteria za tumbo, E. coli ao Klebsiella, na zingine zinatoa kimeng'enya kinachokata seftriaksoni mbele ifanye kazi, hapo hata waongeze dozi ni kutupa franga. Wasafishe kidonda na serum (maji ya chumvi ya hospitali) kwanza, wachukue ile ya ndani, si iliyokauka kwa pansema.

BabaWawili: Na ekografi, ile picha ya ndani ya tumbo?? Mujomba wangu tulibadilisha sindano weee, kumbe ndani kuna mufuko wa usaha, walipoitoa ndio homa ikashuka.

Muuguzi_Ibanda: Kweli kabisa @BabaWawili, dawa peke yake haimalizi usaha iliyofungiwa.

Labo_Mdogo: Hii inaniuma. Mwaka 2019 bakteria sugu ziliua watu kama milioni 1.27 duniani, na sisi tunanunua antibiotiki kama karanga. Dada, sabuni na maji mbele na nyuma ya kumugusa mama, na usikae kwa kitanda cha mugonjwa mwingine.

Binti_Kadutu: Aksanti sana. Nimeuliza, hawakupeleka labo. Munganga amekubali watachukua kesho asubuhi, nitaipeleka mwenyewe. Ekografi pia ameandika.

Muuguzi_Ibanda: Kama homa iko juu na anahema mbio usikubali kesho, wachukue leo leo, kisha meropenemu ianze hapo hapo bila kungoja majibu. Majibu yakisema dawa ya bei ndogo inatosha, watabadilisha. Chupa iwe safi ya labo, ifike ndani ya masaa 2, usiipitishe kwa jua, na kwa bon (karatasi ya kuomba labo) waandike dawa zote alishapigwa.

Binti_Kadutu: Sawa yaya, narudi kwa munganga sasa hivi.