Naomba ushauri: nimeuza hisa jana, leo soko limeruka. Nirudi ndani au nitulie?

DerevaWaUsiku (Jumatano, 9 Aprili 2025)
Wakuu, habari za usiku. Matusi sitaki, nina stresi za kutosha.

Niko Houston, naendesha lori masafa marefu. Nilifika Marekani 2007. Mwaka uliofuata benki kubwa ya Lehman Brothers ikaanguka, na mimi nikapunguzwa ghalani nilikokuwa nabeba maboksi. Mghana niliyekuwa naishi naye chumba kimoja akanionesha makala za Paul Krugman, mchumi mliberali. Oktoba mwaka huohuo jamaa akapewa Nobel ya uchumi. Tangu hapo ndiye mwalimu wangu wa siasa na uchumi, sipitishi wiki bila kusoma safu yake ya New York Times. Aliona mapema kwamba bei za nyumba ni puto litakalopasuka, 2005 alikuwa anaandika hivyo watu wanamcheka.

Sasa Trump katangaza ushuru wa bidhaa zinazoingia Marekani tarehe 2. Alhamisi na Ijumaa soko likaporomoka zaidi ya asilimia 10. Krugman anaonya, mimi silali. Jana Jumanne nikauza zote. Leo mchana Trump kaahirisha siku 90, isipokuwa kwa China, na soko limepanda asilimia 9.5 kwa siku moja! Nirudi au nisubiri lishuke tena?

MsomiNusu
Pole mkuu. Kabla sijajibu: ni kiasi gani, unaihitaji lini, na ni pesa ya kustaafu? Kama ni ya kustaafu na umeitoa kabisa kabla ya miaka 59 na nusu, kuna faini ya asilimia 10 na kodi juu yake.

ShangaziWaUbungo
Wenzenu tunahangaika na bei ya mchele, nyie mnalia na soko lisilouza hata nyanya.

MzeeWaMinnesota
Kijana, 2008 usiitaje ovyo. Mimi 2005 nilipewa nyumba Minneapolis bila kuulizwa mshahara wangu vizuri. Riba ya miaka miwili ya mwanzo ilikuwa laini kama maini, baada ya hapo inabadilika. 2007 marejesho yakapanda, nyumba nayo ikashuka hadi ikawa haifikii deni lake. Mke wangu alikuwa anahesabu pesa usiku jikoni akidhani nimelala. Kumbe mikopo yetu ilishafungwa matita na kuuzwa huko duniani kama kuni, aliyenikopesha hana hata habari kama nalipa au silipi. 2009 nikakabidhi funguo. Hadi leo bado naishi nyumba ya kupanga.

DerevaWaUsiku
Pole sana mzee.
@MsomiNusu si ya kustaafu. Ni akiba tu ninayoisimamia, dola elfu thelathini na kitu.

Wanjiku_Thika
Ngoja hapo. "Ninayoisimamia"? Pesa yako huisimamii, uko nayo tu. Hiyo ni ya nani?

AbuSalim_Muscat
Nilikuwa nataka kuuliza hilohilo. Funguka ndugu yangu.

MsomiNusu
Wakati anatafuta maneno, niseme kuhusu Krugman, maana naye namsoma. Ni mchumi mzuri sana kukueleza kwa nini mambo yameharibika. 2009 alisema kifurushi cha Obama cha kuinua uchumi, dola bilioni 787, ni kidogo, na uchumi ulijikokota kweli. Alisema benki kuu ikichapisha pesa wakati riba iko karibu na sifuri, bei hazitalipuka. Hazikulipuka. Lakini usiku wa uchaguzi wa 2016, Trump aliposhinda, aliandika kwamba masoko huenda yasipone kamwe. Kesho yake yakapanda! Baada ya siku chache akakiri kwamba hasira ilimzidi. Na 2022 aliandika wazi kwamba mfumuko wa bei ulimpita kushoto. Namheshimu kwa kukiri. Ila mtu anayeichukia serikali iliyopo, akikwambia uchumi utakufa, gawanya kwa mbili kwanza.

MjamaaWaMwisho
Mliberali ni bepari aliyevaa tai ya huruma. Ndiyo maana mnapotea.

MsomiNusu
Huko kwao mliberali ni yule anayetaka serikali itoe bima ya afya na itoze matajiri kodi. Wewe na yeye mngekunywa kahawa pamoja.

DerevaWaUsiku
Sawa, niseme. Ni mfuko wa msiba wa Watanzania wa hapa. Mimi ni mweka hazina. Ulikuwa na dola 38,000, zimekaa miaka benki bila kuzaa hata senti, bei zinapanda. Katikati ya Februari nikaziweka kwenye mfuko wa hisa unaofuata kampuni kubwa 500 za Marekani. Nia ilikuwa njema kabisa, nilitaka kuwashangaza kwenye mkutano mkuu. Nilipouza jana zilikuwa 30,900. Sijala hata dola moja, ziko palepale kwenye akaunti. Na nina mpango: nikirudi kesho asubuhi na soko likaendelea hivi, zitafika.

Wanjiku_Thika
Kwa hivyo wanachama hawajui.

DerevaWaUsiku
Mkutano ni Jumamosi.

ShangaziWaUbungo
Ehee! Sasa ndiyo navuta kiti. Watakushangaa kweli.

Wanjiku_Thika
Kwa chama chetu mweka hazina alikopa elfu arobaini za Kenya "kwa wiki moja". Tulienda kwake kina mama kumi na mmoja tukakaa sebuleni. Hatukusema kitu. Tulikunywa chai yake yote, tukakula mkate wake wote. Saa nne usiku M-Pesa zikaanza kuingia.

AbuSalim_Muscat
Pesa ya sanda hiyo. Amana. Akifa mtu kesho, mtamwambia mjane asubiri soko la hisa la Wall Street lifunguliwe?

DerevaWaUsiku
Mnanihukumu kama mwizi. Mabenki yalicheza na pesa za watu 2008 serikali ikatoa bilioni 700 kuyaokoa, mimi nimepungukiwa elfu saba mnataka kunizika.

KijiweSugu
Wakuu, hii ni chai. Tena ya tangawizi.
Moja: Krugman aliacha kuandika New York Times Desemba mwaka jana, wewe "hupitishi wiki" unaisoma wapi? Mbili: mweka hazina gani anahamisha 38,000 bila saini ya pili? Tatu: dereva wa usiku anauza hisa mchana saa ngapi? Mtoto wa chuo huyu, ana insha ya kuwasilisha.

ShangaziWaUbungo
Mungu wangu, na nilishaanza kumhurumia.

MjamaaWaMwisho
Nilijua. Wenye pesa hawaandiki nyuzi.

MsomiNusu
Hilo la kwanza ni kweli, aliondoka baada ya karibu miaka 25. Sasa anaandika Substack, jukwaa la makala mtandaoni. Mleta uzi, jibu.

DerevaWaUsiku
Nimesema New York Times kwa mazoea, kama mnavyosema Colgate kwa kila dawa ya meno. Siku hizi makala zake zinakuja kwa barua pepe, simu inanisomea nikiwa barabarani. Na kuuza, niliuza mchana nikiwa nimeegesha, usiku ndiyo naendesha.

KijiweSugu
Na saini ya pili?

KijiweSugu
Nimeona uko mtandaoni mkuu. Saini ya pili?

DerevaWaUsiku (Alhamisi, 10 Aprili)
Katibu alirudi Moshi Desemba. Aliniachia hundi nne ameshazisaini, kwa dharura za misiba. Nilitumia moja.

KijiweSugu
Nafuta neno chai. Hiyo haitungiki.

MsomiNusu
Basi swali lako la kwanza halipo tena. Usirudi sokoni na pesa isiyo yako. Mpigie mwenyekiti leo, kabla ya Jumamosi, mpe taarifa za akaunti zote, na hizo hundi tatu zirudishe. Elfu saba na mia moja andikishana nao ulipe kwa awamu.

DerevaWaUsiku
Leo soko limeshuka tena zaidi ya asilimia 3, kwa hiyo kutorudi asubuhi nimeokoa kitu, mkubali tu.

Wanjiku_Thika
Hujatuambia kama umepiga simu.

DerevaWaUsiku
Nimempigia mama mwenyekiti. Nimemweleza kila kitu, Lehman, ushuru, Krugman. Kanyamaza muda mrefu, kisha kauliza: "Huyo Krugman ni mwanachama hai?"

MzeeWaMinnesota
Akasemaje baada ya hapo?

DerevaWaUsiku
Kasema niende na hundi, na nije na mke wangu.

MfanyabiasharaKkoo
Uzi mzuri sana huu. Sasa sisi wenye dola za mkononi hapa Kariakoo, tuziachie au tusubiri?