Mrejesho: Simu ilianguka, kioo kizima, tachi inagoma

Wakuu, nimerudi na majibu. Niliuliza kama simu inaweza kuumia ndani kwa kuanguka ilhali kioo hakina hata mkwaruzo. Tachi ilikuwa inagoma na kurudi, na ukiminya mgongo wa simu inakaa sawa.

Hiyo ya kuminya ndiyo dalili kubwa: kuna mguso uliolegea, si programu, kwa hiyo kuifuta simu yote kungepoteza data bure. Fundi alichomoa kwanza kiunganishi cha betri (ukiruka hatua hii unaweza kuunguza saketi ya taa ya kioo), kisha akachomoa cha kioo, akakisafisha kwa spiriti na kukirudisha. Tatizo likabaki. Alipobonyeza aisi ya tachi (kijichipu kinachoendesha tachi) kwenye bodi, tachi ikarudi. Hapo jibu likapatikana: lehemu chini ya aisi imepasuka. Vitone vyake ni vidogo kuliko milimita moja na ni vigumu, havinyumbuki, hivyo bodi ikijipinda kwa kishindo vinakatika.

Aliing'oa aisi kwa hewa ya moto, akafuta lehemu ya zamani, akaweka vitone vipya na kuirudisha. Msikubali aisi ipashwe moto tu bila kung'olewa; mara nyingi ufa hurudi.

Jingine aliloangalia ni betri. Ikiwa imebonyea au imevimba, itolewe siku hiyohiyo, isichajiwe tena hata kama simu inawaka. Yangu ilikuwa salama, na tachi sasa haigomi.