Tupeane uzoefu: daftari lako la mwaka 2025 limeandikwa nini?

Fundi wa Bombo

Nimefunga mlango saa nane usiku wa kuamkia leo. Mtaa mzima unanukia nyama ya Krismasi, na mimi Mwislamu ndiyo kwanza nakaa chini tangu Januari.

Sikukuu si yangu, lakini ndiyo inayolipa karo ya wanangu. Novemba ikiisha, kila mama hapa Bombo, Uganda, anataka mtoto wake avae kipya tarehe 25, na wote wanakumbuka wiki moja. Jana nilikuwa na gomesi mbili, yale magauni ya heshima ya kina mama wa Uganda, suruali tisa za watoto na shati la mzee wa kwaya. Saa tatu umeme ukakatika. Nikamalizia kwa cherehani ya miguu, simu nimeining'iniza shingoni kwa utepe ili tochi imulike sindano.

Asubuhi nikafungua daftari la vipimo nione nani namdai. Nikajikuta nausoma mwaka. Januari na Februari ni sare za shule. Machi ni kanzu na magauni ya Idi, Juni Idi nyingine. Agosti ni CHAN, mashindano ya soka ya Afrika: mechi za Uganda zilikuwa uwanja wa Namboole, vijana wakaniletea vitambaa vyeusi, vya njano na vyekundu niwashonee kofia. Cranes, timu yetu ya taifa, walipotolewa na Senegal tarehe 23 nikabaki na kofia kumi na mbili. Zipo, anayetaka aseme. Kuanzia Oktoba ni mashati ya kampeni, maana uchaguzi ulipangwa Januari 2026. Rangi gani, msiniulize. Nilishona zote.

Ukurasa ulionisimamisha ni wa Mei. Msichana, kifua 34, kiuno 28, gauni la mahafali. Alilipa nusu, hakurudi. Gauni limening'inia nyuma ya mlango mpaka leo, na kila nikilisogeza kufagia najiambia kesho nitampigia. Miezi saba! Nimepima mamia ya watu, simu moja ya dakika mbili imenishinda.

Haya, fungueni na nyinyi, hata kama daftari liko kichwani. Ukurasa gani? Malengo ya mwaka ujao msiniletee, hayo tutayasikia redioni wiki nzima.

Mzee wa Trela

Salaam Hajati. Daftari langu ni karatasi za mizani na mihuri ya mpakani. Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100, na mwaka huu nimeikanyaga mpaka najua kila shimo kwa jina. Siku ya maandamano ya Saba Saba, Julai 7, polisi walifunga barabara za kuingia Nairobi, mimi na tanboi wangu tukalala Mlolongo tukila mkate na maziwa ya pakiti.

Ukurasa wangu uko Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Nyumbani ni Tororo, yaani kutoka foleni ile pikipiki inakufikisha kabla chai haijapoa. Lakini mzigo ulikuwa na kasoro kwenye karatasi, na trela huliachi peke yake, utarudi ukute tangi limenyonywa. Siku ya tatu ya kungoja mke wangu akatuma video: kitinda mimba wetu anatembea. Hatua nne, akakaa. Niliirudia mpaka bando likaisha.

Juzi nimefika. Hatembei tena, anafukuza kuku. Akiniona anajificha nyuma ya mama yake, na kuku nao wanapata nafasi ya kupumua.

Rolex ya Wandegeya

Hajati niwekee kofia mbili. Mimi nauza rolex, yaani mayai ya kuviringishwa kwenye chapati, na daftari langu ni la madeni ya wanafunzi wa chuo cha Makerere, na wote wameshaenda kwao. Ukurasa ulionisimamisha ni wa mwisho, pale penye jumla.

Mwalimu wa Shule Tatu

Hapo juu mmenichekesha, sasa niwape yangu. Tangu mtaala mpya wa 2020, Kiswahili ni lazima kidato cha kwanza na cha pili, lakini walimu wenyewe hatutoshi. Kwa hiyo hapa Mbale nafundisha shule tatu. Asubuhi huku, mchana kule, Ijumaa shule ya tatu. Mwenye boda anaijua ratiba yangu kuliko mwalimu mkuu yeyote.

Juni walimu wa sanaa, sisi wa lugha tukiwemo, tuligoma, tukitaka mshahara ulingane na wa wenzetu wa sayansi ambao mwenye shahada anapata shilingi milioni 4 kwa mwezi tangu 2022. Nitasema jambo ambalo kwenye chama singelisema: siku zile za mgomo nililala. Nililala usingizi wa mchana, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu chuo.

Ukurasa wenyewe ni wa insha. Niliwapa kidato cha pili "Siku nisiyoisahau", nikitegemea misiba, harusi na safari za Kampala. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akaandika: "Siku nisiyoisahau ni siku ambayo mwalimu wa Kiswahili hakukimbia." Ikabidi nikae nikumbuke ni siku gani. Ilikuwa muhula wa pili, mvua imepiga, boda hakutokea, nikabaki darasani mpaka jioni tukitegana vitendawili. Mimi siku ile nilikuwa nimeiandika moyoni kama hasara, kwa sababu shule ya pili walinikata posho.

Nilimpa 14 kati ya 20. Ngeli zilikuwa mbovu sana. Mpaka leo najiuliza kama zilikuwa mbovu kiasi hicho.

Kiboko cha Masaka

Yangu fupi. Mwaka ulipoanza bei ya kahawa kiboko, ile iliyokaushwa bila kukobolewa, ilikuwa juu kuliko nilivyowahi kuiona maishani. Jirani akauza, akaezeka nyumba. Mimi nikasema ingoje kidogo, itapanda tena. Katikati ya mwaka ikashuka. Mvua ikinyesha nakaa barazani naangalia mabati ya jirani.

Mama wa Nakivale

Mutanisamehe Kiswahili changu, mimi ni wa Goma, Kongo. Mwisho wa Januari waasi wa M23 walipoingia mjini tulitoka na watoto watatu na godoro moja. Godoro tuliliacha njiani. Tulivuka kuingia Uganda kwa upande wa Kisoro, tukalala Nyakabande kwenye kituo cha kupokea wakimbizi, kisha tukaletwa huku kambi ya Nakivale.

Watu wakisikia kambi wanafikiri tumekaa tu tunangoja. Mwaka huu sijakaa. Foleni ya karatasi, foleni ya maji, kusimamisha nyumba ya udongo, kulima kipande tulichopewa. Saa kumi ya alfajiri nakaanga mandazi ya kuuza kwa watoto wanaokwenda shule. Chakula cha msaada kilipunguzwa, kuna familia zimetolewa kabisa kwenye orodha, basi mandazi ndiyo yalitubeba. Mutu akiniuliza Agosti ilikuwaje, sijui. Ilikuwa mandazi.

Mwezi jana nilivuna maharagwe, debe moja na nusu. Nikaketi kuyachagua, mazuri nikawa nayaweka pembeni, kama mama yangu alivyofanya na mimi nilivyofanya siku zote. Mkono ulienda wenyewe. Halafu nikaangalia ile bakuli: ni mbegu ya mvua za Machi. Yaani nimeshapanga kuwa hapa Machi. Kichwa changu kilikuwa hakijaulizwa.

Nilifikiri niyarudishe kwenye sufuria. Watoto wangeshiba siku mbili. Nikayafunga kwenye kitambaa nikayaficha juu ya dari. Mume wangu bado anasema mwezi ujao tunarudi, na sikutaka ayaone.

Fundi wa Bombo

Mama wa Nakivale, nimeacha chai ikapoa. Hayo maharagwe, dada yangu, yaangalie yasibunguliwe na wadudu. Changanya na majivu makavu.

Mama wa Nakivale

Nimeshaweka majivu, asante Hajati. Leo tumepika ugali na samaki, kanisani wameimba mpaka sauti zimekauka.

Basi la Arua

Mimi nimesafiri Jumanne, nauli imepanda kama kila Desemba, hilo tuliache. Nilichagua basi la asubuhi. Tangu ajali ya Oktoba 22 barabara ya Gulu, kule Kiryandongo, mama yangu hataki kusikia habari ya basi la usiku. Mwaka mzima amekuwa akinipigia nami najibu "mama niko bize, nitakupigia jioni". Jioni hiyo haikufika.

Safari hii alipiga Luweero, akapiga Karuma, akapiga Pakwach, mpaka abiria wa pembeni akaanza kumjibu: "Mama, anakula." Nebbi simu ikanyamaza. Dakika kumi, ishirini. Nikaona bora nimpigie mimi. Kumbe chaji ilimwishia, alikuwa ameenda kituoni Arua kunisubiri saa tatu nzima kabla basi halijafika.

Mzee wa Trela

Mwalimu, muongezee huyo mtoto alama moja.

Mwalimu wa Shule Tatu

Mzee, ripoti zimeshakwenda. Lakini muhula ukifunguliwa nitamwambia.

Fundi wa Bombo

Nimepiga ile simu. Imepokelewa na kaka yake. Msichana aliondoka mwezi uleule wa Mei, kazi za ndani Uarabuni, mkataba miaka miwili. Mahafali yalifanyika bila yeye. Kaka anasema dada aliwaambia wakipata pesa waje wachukue gauni, hawakupata, na walikuwa wanaogopa kuniangalia usoni.

Nimemwambia lipo, deni tutaongea akirudi. Nikamuuliza amenenepa au amekonda, akacheka, hajui, kwenye simu wanaona uso tu. Bahati nzuri niliacha kitambaa cha kutosha kwenye mishono ya ubavuni, inchi moja kila upande. Nimelitoa nyuma ya mlango, nimelifunga kwenye gazeti na majani ya mwarobaini.

Kofia zimebaki kumi. Wewe wa Wandegeya njoo na pesa, si na rolex.