Faiba ya nyumba ya Mji wa Kale: gumzo la ukoo

Shangazi Mwanaheri: Asalaam alaykum nyote. Wale vijana wa faiba wameshaufikisha waya wao hadi nguzo ya kona, na leo wamebisha hodi kuniuliza kama ninataka kifurushi cha megabiti 20 au cha 60. Haja yangu ni kwamba Rukia asome chumbani kwake juu bila kushuka ngazi kila somo linapokatika, nami nizungumze na ndugu yangu Abdalla wa Muscat huku ninamwona uso. Hamid mwanangu, hii ndiyo kazi yako. Nichague kipi?

Ami Abdalla: Waalaykum salaam dada. Kabla hujalipa chochote, ninayo modemu niliyoiweka kando tangu mtaa wetu huku ulipopata faiba. Ni nzima kabisa, na nikija Mombasa mwezi ujao, inshallah, nitakuletea ili usiingie gharama.

Hamid: Waalaykum salaam Shangazi, waalaykum salaam Ami. Ami, naomba uitazame hiyo modemu kwa nyuma. Ikiwa tundu lake la kuingizia mtandao ni dogo kama la simu ya mezani na limeandikwa DSL peke yake, basi ilitengenezwa kwa waya wa shaba, na haitaweza kupokea mwanga unaopita kwenye faiba, ambayo ni uzi wa kioo. Kampuni ya faiba huleta kisanduku chake cha kugeuza mwanga huo, nacho husajiliwa kwa namba yake kwenye mitambo yao, kwa hiyo hata tukinunua kinachofanana nacho dukani hakitawaka mpaka wao wakikubali. Lakini kama kuna tundu jingine lililoandikwa WAN, yaani la kupokea mtandao kutoka kifaa kingine, modemu yako bado ina kazi, kwani tunaweza kuiunga nyuma ya kisanduku cha kampuni isambaze waifai tu.

Ami Abdalla: Nimeitazama. Lipo la DSL na lipo la WAN, lenye rangi ya buluu. Kibandiko cha chini kinasema waifai yake ni 802.11n, GHz 2.4.

Hamid: Ahsante, Ami. Hicho ni kiwango cha waifai kilichopitishwa mwaka 2009. Masafa ya GHz 2.4 yana sifa ya kupenya ukuta kuliko ya GHz 5, ila yana njia (chaneli) tatu tu zisizoingiliana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, na mtaani kwetu, ambako dirisha la jirani unaligusa kwa mkono, nyumba zote zinagombea njia hizo tatu. Ilete, Ami, itamfaa Shangazi sebuleni kwa simu na redio ya mtandaoni. Masomo ya Rukia tusiyategemeze juu yake.

Rukia: Kaka Hamid, mimi nilidhani jawabu ni kuchukua megabiti 60, kwa sababu waifai ya jirani tuliyoazimwa wakati wa mitihani ilikuwa ikinifia kabisa mara tu ninapofunga mlango wa chumba.

Hamid: Hapo ndipo ninapotaka sote tuelewane kabla ya mtu kutia saini. Kosa si la mlango peke yake, Rukia, wala kasi ya jirani haikuwa ndogo. Kuta za nyumba yetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye unene wa takriban nusu mita, na dari ya sebule ni boriti zilizobebeshwa mawe na chokaa vilevile. Ulipokuwa na mlango wazi, mawimbi yalikuwa yakipanda kwa uwazi wa ngazi na kuingia kwako kwa mlangoni, na ulipoufunga, mlango ukayapunguza hayo machache yaliyokufikia, kwa kuwa yanayopitia ukutani huishia humo. Ukilipia megabiti 60 na kisanduku kikabaki sebuleni karibu na daka la mlangoni, zote 60 zitakuwa za wageni wanaokaa dakani, nawe juu utabaki na hali ileile.

Mombasa haina uhaba wa mtandao. Mkongo wa chini ya bahari wa TEAMS unafika hapa kutoka Fujairah tangu mwaka 2009, wa SEACOM ukaja mwaka huohuo, na wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Mtandao unavuka bahari nzima salama, kisha unapotea kati ya sebule na chumba cha Rukia. Fedha zetu tuziweke hapo.

Shangazi Mwanaheri: Basi hizo 20 zinatutosha kweli? Tuko watu watano, na watoto wa Rukia hawaachi katuni.

Hamid: Zinatosha, Shangazi. Somo la video safi linahitaji megabiti 3 au 4 kwa sekunde, katuni yenye picha nzuri kama 5, na simu yako na Ami kiasi kile cha somo. Vyote vitatu vikienda pamoja havifiki 15. Mjue pia kwamba megabiti 8 ndizo zinazofanya megabaiti 1, kwa hiyo faili la gigabaiti 1 kwa kasi ya 20 litachukua kama dakika 7, na Rukia asidhani ameibiwa. Jambo la kuwauliza vijana wale ni kasi ya kupandisha, yaani ya kutuma kutoka nyumbani, kwa sababu baadhi ya vifurushi huteremsha kwa 20 na kupandisha kwa kiasi kidogo sana, na hapo Ami atakuona vizuri wewe… samahani, ni kinyume: wewe utamwona Ami vizuri, naye atakuona umegandaganda.

Ami Abdalla: Na kwa nini tusichukue ruta ya kutia laini ya simu, tukaepuka kutoboa nyumba ya wazee?

Hamid: Kwa nyumba yenye kuta kama hizi italazimika kukaa roshanini ili iuone mnara, na mnara wenyewe tunagawana na mtaa mzima ifikapo jioni. Kama faiba haikufika mtaani ningeikubali. Imefika, tuichukue.

Kuhusu kutoboa, wasiwasi wako ni wa haki. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na ukuta wa mbele haufai kutobolewa bila kuwauliza watu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Nadhani hatutafika huko, kwa sababu juu ya dirisha la upande wa kichochoro lipo tundu la zamani la waya wa antena, nao waya wa faiba ni mwembamba kuliko ule.

Shangazi Mwanaheri: Lipo. Nililiziba kwa tambara kwa ajili ya popo.

Hamid: Alhamdulillahi. Basi mwambie fundi aupitishe hapo, kisha aupandishe hadi kituo cha ngazi cha ghorofa ya kwanza, na kisanduku akifunge hapo ukutani, si sebuleni. Atapenda kukiweka karibu na dirisha, kwa kuwa ni kazi ya dakika kumi. Usikubali. Kutoka kisandukuni, tutavuta waya wa mtandao wa shaba, wa aina ya Cat6, kando ya ngazi hadi chumbani kwa Rukia, na mwisho wake nitaweka ruta ndogo ya Wi-Fi 6 (kiwango kipya kuliko cha modemu ya Ami) yenye masafa yote mawili. Waya huo hubeba gigabiti 1 hadi mita 100, nasi hatutafika hata 15. Wenye maduka watawashauri mnunue kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi kinachorudia mawimbi, lakini vingi vya bei nafuu hupokea na kutuma kwa redio ileile, na kasi hupungua kama nusu.

Rukia: Na umeme ukikatika?

Hamid: Faiba yenyewe haihitaji umeme njiani, lakini kisanduku kinauhitaji. Adapta yake kwa kawaida ni ya volti 12. Nitatuma betri ndogo ya volti hizohizo, ya takriban wati-saa 32, ambayo kwa kifaa kinachokula wati 8 itadumu karibu saa 4. Ruta ya Rukia itataka ya kwake.

Shangazi Mwanaheri: Nimewapigia. Fundi atakuja Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri, na nimechukua ya 20. Nimewauliza kupandisha, wamesema ni 20 vilevile, nikawaambia waniandikie.

Hamid: Umefanya vyema sana, Shangazi. Rukia, uwe naye fundi. Ncha ya waya ina kichwa cha kijani, msiiguse kwa kidole na msiikodolee macho, na hakikisheni haukukunjwa kwenye kona ya ngazi. Taa ya kisanduku iliyoandikwa PON ikitulia kijani, kazi imeshika. Ikiwaka nyekundu ya LOS, mwanga haufiki, asiondoke. Badilisheni nywila zote mbili siku hiyohiyo, ya waifai na ya kuingilia kwenye kisanduku. Halafu panda chumbani, ufunge mlango, upime kasi ukiwa kitandani kwako, unitumie picha ya matokeo kabla mama hajatia saini.

Rukia: Sawa kaka. Nitapima kwa waya wa Cat6 pia, nikutumie zote mbili.